Barabara ya Pwani na Nyuso za Watu: Mwongozo wa Safari ya Picha

Kuanzia Mtwara hadi Lamu, pwani yetu karibu yote inatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama bara. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku utakaposimama ufukweni na kamera, mbele yako yupo mvuvi aliyekubali kupigwa picha, na bahari iko mgongoni mwake. Saa moja asubuhi utapata kivuli cheusi chenye umbo la mtu. Saa kumi na moja jioni, mahali pale pale, utapata uso wake wote: makunyanzi, ndevu zilizoshika chumvi, macho yanayokutazama. Hakuna lenzi, hata iwe ya bei gani, itakayokupa asubuhi kile ambacho jioni ingekupa bure.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifuata barabara ya pwani, kwa gari lake, kwa basi au kwa bodaboda, akiwa na kamera au simu tu, na ambaye moyo wake uko kwa watu zaidi kuliko mandhari. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, na imani yangu ni moja: safari ya picha za watu hupangwa kwa saa. Kuna saa za jua, saa za maji na saa za watu wenyewe. Kilomita hufuata baadaye. Anayeanza na kilomita hufika kila mahali, akarudi na picha za watu waliokuwa njiani kwenda kwenye shughuli zao.

Chagua kipande kimoja

Ratiba nyingi huharibiwa na uroho. Mtu ana siku chache, naye anataka Bagamoyo, Pangani, Tanga, Mombasa na Malindi kwa mpigo. Kila usiku atalala kitanda kipya, na hatakutana na mtu yeyote mara mbili. Chagua kipande kimoja chenye vituo viwili au vitatu, na kila kituo ulale angalau mara mbili. Siku ya kwanza wewe ni mgeni mwenye kamera. Siku ya pili muuza kahawa anakujua, na aliyetambulishwa na muuza kahawa ametambulishwa kwa nusu ya mtaa.

Kwa anayeanza, Dar es Salaam hadi Bagamoyo inatosha kabisa. Ni kama kilomita 70. Mji una diko la samaki, mitaa ya nyumba za kale, magofu ya Kaole kusini kidogo, na vijana wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, wanaosomea ngoma, muziki na maigizo. Wasanii wamezoea kutazamwa, hivyo ni watu wazuri wa kujifunzia namna ya kuongoza kikao bila kuwa na hofu.

Tanga na Pangani zinafaa kwa anayependa utulivu. Katikati yake kuna Tongoni na makaburi yake ya kale ya mawe, na mbele kidogo Mto Pangani, ambako kwa miaka mingi watu na baiskeli zao wamevuka kwa kivuko kwenda Bweni. Watu wanaosubiri kuvuka hawana haraka, na mtu asiye na haraka ana nafasi ya mazungumzo.

Kusini, barabara ya Kilwa Masoko ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, ukivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Watalii wengi huenda Kilwa Kisiwani kwa ajili ya magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wewe yatazame magofu, kisha tenga muda wa wanakijiji wanaoishi kando yake, kwa maana hao ndio sababu ya safari yako.

Upande wa Kenya, Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, ukipitia Mtwapa, Kilifi, na Gede yenye magofu ndani ya msitu. Mji wa Kale wa Mombasa, chini ya Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni shule ya mwanga wa vichochoro. Lamu nayo inataka safari yake peke yake: gari linabaki Mokowe, unavuka kwa boti, na ukishafika unatembea kwa miguu na kuwapisha punda. Kabla ya kuelekea huko kwa barabara, waulize madereva wa mabasi hali ya njia na saa wanazotembea, ukawafuate.

Ukivuka mpaka Horohoro kuingia Lunga Lunga, au ukirudi, beba orodha ya vifaa vyako pamoja na namba zake na stakabadhi kama unazo. Itakupunguzia maswali. Barabarani heshimu vibao vya 50 vijijini, maana trafiki wenye tochi za kupima mwendo wapo, na watoto wanaovuka wapo zaidi. Usiendeshe usiku. Anayefika amechoka saa nne usiku hataamka kuuwahi mwanga wa alfajiri.

Saa ya jua

Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi zilizo mbali na ikweta, ambako jua hutambaa chini kwa muda mrefu. Kwetu jua hupanda karibu wima, kwa kadiri ya nyuzi 15 kila saa. Mwanga laini wa asubuhi haudumu. Jua likichomoza saa kumi na mbili na nusu, una saa moja hivi ya kufanya kazi kwa raha. Ikifika saa tatu, paji la uso linang'aa na macho yameingia kizani. Jioni mwanga unarudi kuanzia saa kumi na nusu, na jua likizama, giza haliko mbali.

Kwa hiyo andaa kila kitu mapema. Mahali pawe pameshachaguliwa, mazungumzo yawe yameshafanyika, na kamera iwe tayari kabla mwanga haujafika. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, Dar es Salaam na Tanga jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa, na kivuli cha mtu hujikusanya miguuni pake. Siku hizo ongeza muda wa kupumzika mchana.

Kanuni ya kukumbuka ukiwa ufukweni ni hii: asubuhi, mgeuze mtu aelekee baharini, nawe usimame upande wa maji. Jioni, yeye aipe bahari mgongo, nawe usimame upande wa nchi kavu. Angalia pia mahali pasipofuata mkumbo. Mji Mkongwe wa Zanzibar unatazama magharibi, ndiyo maana watu hujaa Forodhani kulitazama jua likizama majini. Mbele ya mji wa Lamu, kinyume chake, hutazama mashariki kuelekea Manda.

Mchana usiutupe. Ingia vichochoroni. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu au Mji Mkongwe, ukuta mweupe wa chokaa unaopigwa na jua upande mmoja wa njia hurudisha mwanga laini upande wa pili, palipo na kivuli. Mtu aliyeketi barazani kwenye kivuli hicho ana mwanga mzuri zaidi saa saba mchana kuliko alio nao aliyesimama ufukweni. Dirisha, mlango wa nakshi ulioachwa wazi, daka la nyumba ya Lamu, upenuni mwa paa la makuti: zote hizi ni studio. Chini ya mwembe kuwa mwangalifu, kwa sababu majani hutia rangi ya kijani kwenye ngozi. Msogeze mtu mpaka ukingoni mwa kivuli, ambako mwanga wa anga unamfikia.

Saa ya maji

Mpiga picha wa pwani asiyejua kujaa na kupwa kwa maji atakuwa akifika wakati watu wameshaondoka. Wavuvi, wachuuzi wa samaki, wakulima wa mwani na wachokoa pweza wote huishi kwa saa hiyo, na kila siku inasogea mbele kwa kadiri ya dakika 50.

Wakati wa bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hufika karibu mita nne. Katika siku hizo, pwani ya Zanzibar na Mombasa maji hupwa kabisa kuelekea saa nne asubuhi, na hujaa kuelekea saa kumi alasiri. Kalenda ya mwezi pekee inatosha kukupa ratiba. Asubuhi ya bamvua wakulima wa mwani wa Paje, Bwejuu na Jambiani, wengi wao wanawake, huwa mbali ndani ya maji ya magotini. Jua limeshakuwa kali, lakini mchanga mweupe wenye unyevu huurudisha mwanga kutoka chini na kuyafungua macho. Alasiri ya siku hiyo hiyo maji yamejaa, ngalawa na mashua zinaelea karibu, na mwanga wa jioni unaanza. Siku ya bamvua inakupa vikao viwili tofauti mahali pamoja.

Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na saa hugeuka. Ndizo siku za kwenda kwa mafundi. Nungwi kwa mfano, na katika vijiji vingi vya pwani, utawakuta mafundi wa mashua wakichonga mbao au wakikalafati viungo vya chombo kivulini. Fundi aliye kazini ana jambo la kufanya kwa mikono yake, na mikono ikiwa na kazi uso hulegea wenyewe.

Saa ya watu

Saa hii haiandikwi kwenye jedwali lolote. Unaisoma kwa kukaa. Ijumaa mchana mitaa ya Waislamu ina ibada, usipange kitu. Baada ya sala ya Alasiri wazee hutoka, kahawa chungu huanza kuzunguka, bao hutandikwa, na mwanga unakuwa umeshalegea. Saa hiyo ya kijiweni ndiyo naipenda kuliko zote.

Mwezi wa Ramadhani usimsimamishe juani mtu aliyefunga. Sikukuu ya Idd mambo hugeuka: familia zimevaa vipya, watoto wamependeza, na wao ndio watakaokuita. Jitolee siku hiyo. Picha moja ya familia nzima mlangoni pa nyumba yao itakufungulia mtaa kwa miaka.

Zingatia na misimu. Masika, kati ya Machi na Mei, huvunja safari, lakini wingu zito hutandaza mwanga mwororo kutwa nzima. Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, kanga na mitandio hupepea na rasharasha za chumvi huruka, hivyo tafuta upande uliokingwa na upepo. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ina joto kali na jua jeupe. Panga vikao vya asubuhi na mapema.

Mkoba mwepesi

Kamera moja na lenzi mbili zinatosha. Lenzi ya milimita 35 inakuonyesha mtu pamoja na mahali pake, na ya milimita 85 inakupa uso bila kumsogelea mno. Ukiwa na moja tu, chukua ya milimita 50. Kwa simu, safisha kioo cha kamera kwanza, kwa sababu chumvi na jasho hukifanya kuwa na utando. Usitumie lenzi pana ya simu karibu na uso wa mtu. Pua itakuwa kubwa na masikio yatarudi nyuma. Rudi hatua mbili, utumie lenzi ya mara mbili.

Ongeza kitambaa cheupe chenye ukubwa wa leso, cha kurudisha mwanga. Kikishikwa chini ya kifua au pembeni ya uso kinafanya kazi ya reflekta. Beba betri ya akiba, memori kadi mbili au tatu, pawabanki, daftari na kalamu. Fleshi iache begini mpaka uombwe picha usiku. Kila jioni nakili picha zote mahali pawili tofauti, na sehemu hizo zisikae begi moja.

Joto, chumvi na unyevu

Adui watatu wa kamera ya pwani wanazuilika kwa mazoea madogo. Joto: usiache kamera ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa chai ya mara moja. Chumvi: kila jioni pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha kikavu. Kabla ya kufuta kioo cha lenzi, puliza mchanga utoke, la sivyo utakuwa unakikwaruza. Badilisha lenzi ndani ya gari, milango ikiwa imefungwa na kipupwe kimezimwa.

Unyevu ndio unaowashtukiza wengi. Ukitoka kwenye chumba au gari lenye kipupwe na kuingia hewa ya nje, kioo hujaa ukungu papo hapo, na mwanga wa alfajiri unakupita ukipangusa. Zima kipupwe na fungua madirisha dakika 20 kabla ya kufika, kamera ikiwa ndani ya mkoba uliofungwa ili ipate joto taratibu. Nyumbani, hifadhi lenzi kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Kuvu ikishaota ndani ya lenzi, gharama ya kuitoa hukaribia bei ya lenzi nyingine.

Salamu kwanza, kamera baadaye

Ingia dikoni ukiwa na kamera ndani ya mkoba. Muulizie kiongozi wa wavuvi, au wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe), umweleze wewe ni nani na unataka nini. Mnadani usimkatishe dalali, subiri bei ifungwe. Kama kuna samaki unayemtaka, nunua kwa bei ya haki, kwa kuwa unamhitaji kweli.

Kwa mtu mmoja mmoja, salamu ndiyo nusu ya kazi. Mzee unamwamkia, unasubiri marahaba yake, unamuuliza hali na habari za kazi. Usiikimbize. Ndipo useme nia yako wazi: "Mzee, mimi ni mpiga picha. Nimependa ulivyokaa hapa. Naomba ruhusa nikupige picha, na nitakuletea nakala." Mpe nafasi ya kukataa bila aibu. Akisema "siku nyingine", ametumia adabu kukukatalia. Shukuru, kunywa kahawa yako, endelea na maongezi. Wengi waliokataa asubuhi hukubali jioni, lakini ikiwa hawakukubali, heshima mliyoachiana ina thamani.

Kwa wanawake, hasa katika miji ya Waislamu, ombi linaweza kupitia kwa mama mwenyeji au dada wa pale. Wapo wanaopenda kupigwa picha ya mikono yenye hina na piko tu. Wapo wanaotaka picha ya kubaki nayo wenyewe, isionekane kokote. Kila ombi la namna hiyo ni amri kwako. Ukialikwa harusini, kumbuka sherehe za wanawake peke yao hazipigwi picha mpaka wenyewe waseme, na kwa mpiga picha waliyemchagua.

Mtoto humpigi picha bila ruhusa ya mzazi au mlezi, hata akikufuata mwenyewe akicheka. Watoto wanaoogelea bila nguo hawapigwi picha kabisa.

Suala la pesa lina utata, nami nina msimamo. Kama umechukua muda wa kazi wa mtu, mlipe muda huo, na mpatane kabla ya picha ya kwanza. Kama amekupa dakika chache za hiari yake, mlipe kwa nakala nzuri. Usigawe sarafu kwa watoto ufukweni, kwani utakuwa umewafundisha kuacha shule wasubiri magari.

Kikao chenyewe

Pwani hii haikuanza kupigwa picha jana. Zanzibar ilikuwa na studio tangu karne ya 19, ikiwemo ya akina Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio. Mombasa, N. V. Parekh aliwapiga picha wateja wake kwa taa zilizopangwa kwa ustadi wa sinema. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyekata na kuunganisha picha kwa mikono yake mpaka zikasema alichotaka. Katika miaka ya 1990, penye kivuko cha Likoni, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mandhari zilizochorwa, na abiria walijipanga kupigwa picha wakiwa "safarini" kwenda mahali walipopatamani.

Somo lao ni hili: mteja aliingia akijua anavyotaka kuonekana. Alichagua nguo, pozi na pazia. Wapiga picha wengi wa safari siku hizi hufanya kinyume, wakimtaka mvuvi abaki na fulana iliyochanika kwa sababu "inapendeza". Muulize: "Ungependa uonekane vipi?" Ukimsikia akisema "Ngoja nivae shati", ngoja. Piga picha anayoitaka kwanza, kwa uangalifu wako wote. Baada ya hapo omba unayoitaka wewe. Mara nyingi ile ya kwanza ndiyo utakayoitundika.

Sasa mwangaza. Kipima mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Nyuma ya mtu pakiwa na bahari inayomeremeta, kamera itatia giza usoni. Ongeza stopu moja au moja na nusu. Akiwa mbele ya mlango wenye giza, au amevaa buibui jeusi, kamera itaupausha uso, hivyo punguza. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo, shikilia, kisha telezesha mwangaza juu au chini. Mwenye kanzu nyeupe mtoe juani umlete kivulini, ama sivyo kanzu itaungua na hakuna programu itakayoirudisha. Ukiweza, hifadhi faili ghafi.

Ngozi nyeusi hupata uhai wake kwenye mng'ao wa shavu, paji na pua. Mng'ao huo unataka mwanga mpana utokao pembeni: mlango, ukuta mweupe, anga la jioni. Fleshi ya usoni moja kwa moja huufuta na kuacha mafuta. Mgeuze mtu taratibu kuelekea kwenye mwanga mpaka uone nukta ndogo inayong'aa ndani ya macho yote mawili, kisha simama hapo. Weka fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe, kasi ya shata isipungue 1/250 kukiwa na upepo, na tundu la lenzi karibu na f/4 ili masikio yasipotee.

Piga picha chache, halafu mwonyeshe. Akijiona vizuri, mabega hushuka. Zungumza naye wakati wote: muulize kuhusu chombo, jina lake na sababu ya jina hilo, kusi la mwaka huu, nani alimfundisha kazi. Uso wa mtu anayekumbuka mwalimu wake hauhitaji maelekezo. Ukihitaji picha tulivu, nyamaza nawe mpaka naye anyamaze. Usimwambie atabasamu. Na ukiona amechoka, funga kikao kabla yeye hajakiomba.

Usisahau mikono. Kovu la kamba, vidole vinavyosuka ukili, kiganja chenye hina: picha moja ya mikono ikiwekwa kando ya picha ya uso humweleza mtu kwa ukamilifu zaidi kuliko picha kumi za uso peke yake.

Mipaka

Kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari, vivuko, madaraja makubwa na maeneo ya mipakani usiyapige picha bila idhini. Polisi akikuzuia, funga kamera na mweleze kwa upole. Ndani ya misikiti na kwenye makaburi ya masharifu uliza wasimamizi. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga katika nchi zote mbili, na usiipeleke juu ya nyua za watu, kwani ua ulijengwa kwa ajili ya faragha.

Sheria pia iko upande wa mwenye uso. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Ukitaka kuitumia kibiashara au kuitangaza mtandaoni, pata ridhaa inayoeleweka kwake: kwa maandishi, au kwa sauti iliyorekodiwa akieleza kwa maneno yake alichokubali. Andika kwenye daftari jina, namba ya simu, mahali, tarehe na masharti aliyoweka.

Nakala imfikie mwenyewe

Hapa ndipo wapiga picha wengi wa safari wanapovunja ahadi, na madhara yake humwangukia anayefuata. Mama aliyeahidiwa nakala asiipate atamfungia mlango kijana mwingine mwenye kamera, hata kama huyo ni mkweli.

Mwenye WhatsApp mtumie jioni ile ile, picha moja au mbili bora, zikiwa zimekamilika. Asiye na simu ya kisasa muulize ni nani wa nyumbani anayeweza kupokea. Lakini usiishie hapo. Safisha picha kwenye karatasi. Tanga, Mombasa, Malindi na miji mingine ya njiani ina studio za kusafisha picha, na ukiwa unalala mara mbili kituoni unaweza kurudi kesho yake na nakala mkononi. Ukishafika mbali, tuma bahasha kwa basi, ukimpigia mpokeaji na kumtajia basi na saa ya kufika. Nyuma ya picha andika jina lake kamili, mahali na mwaka, kwa wino usiofutika. Katika nyumba nyingi za pwani picha ya babu iliyopo ukutani ni moja tu. Yako inaweza kuwa ndiyo hiyo.

Kisha fungua daftari na uwaorodheshe wote ambao bado hawajapata nakala zao. Orodha hiyo ndiyo ramani ya safari yako ijayo. Fuata majina kabla ya kutafuta mji mpya, peleka picha mkono kwa mkono, kaa unywe chai, uliza hali za watoto. Ukifanya hivyo kila msimu, hutakuwa tena mgeni mwenye kamera katika barabara hii, na watu wataanza kukwambia wenyewe ni saa ngapi uje.